Wingi ukihama bungeni, nani ana haki ya kumchagua kiongozi wa wengi?

*"Mwalimu, mimi ni mwakilishi wadi wa muhula wa kwanza. Bunge letu la kaunti lina wanachama 45, tukihesabu na wale maalumu. Muungano wetu ulitoka uchaguzini na viti 24: chama changu 17, chama cha pili 5, cha tatu 2. Mrengo ule mwingine ulipata 19, na wawili ni wagombea huru. Miezi michache iliyopita kinara wa kitaifa wa kile chama cha pili aliwaambia wanahabari kwamba wamejitoa kwetu. Tangu hapo wenzetu watano wanakaa na mrengo ule, wanakula nao, wanapiga kura nao. Jumanne iliyopita Spika alisoma barua inayosema wengi sasa ni wao, pamoja na wale wawili huru, jumla 26, kisha akamtangaza kiongozi mpya wa wengi. Kiongozi wetu akaambiwa ahamie upande wa kushoto, wa wachache. Hatukupewa nafasi ya kusema lolote. Sasa wenzangu wamegawanyika. Wengine wanataka tumng'oe Spika, wengine wanataka wale watano wapokonywe viti, na yupo mmoja anayesema tuifiche siwa, ile fimbo ya mamlaka ya bunge, ili kikao kisifanyike. Je, kiongozi huyo mpya ni halali? Na sisi tufanye nini?"*

Mheshimiwa, pole kwa Jumanne hiyo. Kuambiwa uhame kiti mbele ya wenzako, kamera zikiwa juu yenu, si jambo dogo, na ninaelewa kwa nini damu zimechemka. Lakini swali lako lina maswali matatu ndani yake, na yakichanganywa ndipo watu wanapokimbilia siwa. La kwanza ni hesabu: upande upi ni mkubwa? La pili ni uchaguzi: waliomteua huyo kiongozi mpya walikuwa na haki hiyo, na waliitumia kwa utaratibu? La tatu ni Spika: uwezo wake unaishia wapi?

Nianze kwa kuondoa dhana moja ambayo huenda ndiyo inayowafanya wenzako wamuwinde Spika. Hapa Kenya Spika si kiongozi wa upande ulioshinda. Wengi wetu tumetazama habari za Marekani, ambako Spika wa Baraza la Wawakilishi ndiye jemadari wa chama chenye wingi, na wingi ukibadilika naye hubadilika. Januari 2023 Warepublican walipolichukua baraza lile iliwabidi wapige kura raundi 15 kabla ya Kevin McCarthy kupata kiti. Kwetu mambo ni tofauti. Vifungu vya 106 na 178 vya Katiba vinataka Spika achaguliwe na bunge lakini asiwe mwanachama wa bunge hilo. Anaweza kuwa alibebwa na upande fulani, na mara nyingi amebebwa kweli, lakini akishaapa kiti chake hakitegemei tena nani ana wingi. Moses Wetang'ula alichaguliwa Spika wa Bunge la Kitaifa tarehe 8 Septemba 2022, kwa kura 215 dhidi ya 130 za Kenneth Marende. Swali la nani hasa ndio wengi katika bunge hilo hilo lilikuja kuamuliwa tarehe 6 Oktoba, karibu mwezi mzima baadaye.

Kwa hiyo kinachohama wingi ukihama ni kiti cha kiongozi wa wengi, naibu wake, kiranja anayesimamia nidhamu na kura za upande wake, na baadaye mgawanyo wa nafasi katika kamati. Tusijifanye hatujui: ugomvi huu mara nyingi hauhusu kile kiti cha mbele. Unahusu nani ataongoza Kamati ya Bajeti, nani atawapiga msasa walioteuliwa na gavana, na nani ataamua mswada upi unafika kwenye ratiba wiki hii na upi unaoza kwenye droo.

Sasa hesabu. Kifungu cha 108 cha Katiba kinasema kiongozi wa wengi ni yule anayeongoza katika Bunge la Kitaifa chama kikubwa zaidi au muungano mkubwa zaidi wa vyama. Mabunge ya kaunti yanafuata mtindo huo huo kupitia Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 na kanuni zao wenyewe. Angalia mambo mawili hapo. Katiba haikusema zaidi ya nusu, imesema mkubwa zaidi. Na haikusema kundi la wanachama wanaokubaliana, imesema chama au muungano wa vyama. Vyama ndivyo vinavyoungana, si watu mmoja mmoja.

Weka hayo mawili juu ya bunge lako, uone yanatoa nini.

Ikiwa kile chama cha pili bado kimo katika muungano wenu kisheria, nyinyi ni 24 na wao ni 19. Haijalishi wale watano wanakaa wapi, wanapiga kura na nani, wala wanakunywa chai ya nani. Ikiwa chama hicho kimejitoa kihalali lakini hakijaweka mkataba na mtu mwingine, basi mmebaki 19, wao ni 19, na katikati kuna chama chenye watu 5 kinachojisimamia. Hiyo ni sare, na Kifungu cha 108 hakisemi chochote kuhusu sare. Ikiwa kimejitoa kihalali na pia kimetia saini mkataba na mrengo ule, na mkataba ukafikishwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, basi wao ni 24, nyinyi ni 19, na wengi ni wao. Hapo hutakuwa na kesi, utakuwa na uchungu tu.

Umeona kwamba katika hali zote tatu hakuna mahali panapotokea 26? Wale wawili huru hawaingii katika hesabu ya yeyote. Mtu aliyechaguliwa kama mgombea huru akijiunga na chama anapoteza kiti chake, na hilo limo ndani ya Katiba yenyewe, Kifungu cha 194 kwa upande wa kaunti. Kwa hiyo wakisema wanaunga mkono mrengo fulani, sawa, hiyo ni siasa na ni haki yao. Wakisema wao ni sehemu ya mrengo huo, wanajichimbia kaburi. Ile 26 katika barua, hata bila kujua mengine, inanionyesha kwamba aliyeiandika alihesabu vichwa vilivyokuwa chumbani, hakuhesabu karatasi. Na kama Spika aliisoma ilivyo bila kuuliza, naye hakuhesabu.

Karatasi ndizo zilizoamua mzozo mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao wa aina hii, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 Azimio, muungano wa Raila Odinga, ilikuwa na wabunge wengi kuliko Kenya Kwanza, muungano wa Rais William Ruto, katika Bunge la Kitaifa. Vyama vinne vidogo vilivyoingia uchaguzini chini ya Azimio, vikiwa na wabunge 14 kwa jumla, vikatangaza kwamba sasa viko na Kenya Kwanza. Spika Wetang'ula akavihesabu huko, na uamuzi wake wa Oktoba ukatoa 179 kwa Kenya Kwanza na 157 kwa Azimio. Fanya hesabu ya kurudi nyuma: ukiwarudisha wale 14 walikotoka, unapata 171 kwa Azimio na 165 kwa Kenya Kwanza. Yaani watu 14 ndio waliogeuza bunge lote. Jumlisha pia 179 na 157 upate 336, katika bunge la watu 349. Pengo hilo ni la wabunge huru hasa, ambao hawakuwekwa kwenye kapu la yeyote.

Tarehe 7 Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema uamuzi ule wa Spika ulikiuka Katiba. Hoja yao, kwa lugha yangu, ni kwamba Spika hakuwa na msingi wa kuwatoa wabunge kwenye muungano walioingia nao uchaguzini na kuwapa muungano mwingine, kwa kuwa hakukuwa mbele yake na mkataba unaoonyesha hivyo. Siku chache baadaye, tarehe 12 Februari, Spika akatoa uamuzi mwingine, safari hii bila kuwahesabu watu wa vile vyama, na bado akasema Kenya Kwanza ndio wengi, 165 kwa 154. Unaweza kuupenda au kuuchukia uamuzi huo wa pili. Mimi ninachotaka ukichukue ni hiki: mahakama ilikubali kwamba tamko la Spika kuhusu nani ni wengi linaweza kuchunguzwa na kubatilishwa, na kipimo kilikuwa mikataba, si matamko ya wanasiasa mbele ya vipaza sauti.

Basi yule kinara wenu wa chama cha pili aliyezungumza na wanahabari bado hajakitoa chama chake popote kwa maneno yale. Mkataba wa muungano huwa na kipengele cha kujitoa: nani anaamua, notisi ya muda gani, nani anaarifiwa. Chombo kinachotajwa humo lazima kikae, kiamue, kiandike. Halafu Msajili apelekewe. Na wakitaka kuingia muungano mpya baada ya uchaguzi, Sheria ya Vyama vya Siasa inataka mkataba huo uwekwe kwa Msajili ndani ya siku 21 tangu kutiwa saini. Kama hakuna mkataba huo kwenye faili la Msajili, wale watano ni wageni tu katika mrengo ule, hata wakilala huko.

Watu huniuliza: lakini si wanapiga kura na mrengo ule kila siku? Wanapiga, ndiyo. Kushirikiana ni jambo moja, kuhesabiwa ni jambo lingine. Machi 2025 UDA, chama cha Rais Ruto, na ODM, chama kikubwa ndani ya Azimio, zilitia saini makubaliano ya ushirikiano hadharani, na tayari watu wa ODM walikuwa mawaziri. Junet Mohamed wa ODM akaendelea kuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa. Ukikiona hicho kioja kwa jicho la mtaani utasema ni maigizo. Ukikitazama kwa jicho la kanuni, hakuna kilichokosewa.

Tuseme sasa hesabu imekwisha na upande mkubwa unajulikana. Nani anamchagua kiongozi? Si Spika. Si gavana, ingawa najua simu zake hufika. Wala si makao makuu ya chama peke yake, japo barua yao ina uzito wa kisiasa. Wanaochagua ni wanachama wa upande huo waliomo bungeni. Kanuni za Bunge la Kitaifa zinasema chama au muungano mkubwa zaidi utamchagua mwanachama wake kuwa kiongozi, na kumwondoa kunahitaji wingi wa kura za wanachama wote wa upande huo, si za waliohudhuria tu. Kuondolewa kwake pia hakuanzi kufanya kazi mpaka mwingine awe amechaguliwa, ili kiti kisibaki kitupu. Kisha kiranja anampelekea Spika kumbukumbu za mkutano. Mabunge mengi ya kaunti yamenakili utaratibu huu, lakini kila bunge lina kanuni zake, kwa hiyo soma zako kwanza, usisome zangu.

Katika upande wenye watu 24, wingi wa wanachama wote ni 13. Mkutano wa watu 12 hotelini, wote wakiinua mikono kwa furaha, haujamwondoa mtu.

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kama ningekuwa wakili wako: hizo kumbukumbu za mkutano. Omba nakala kwa karani wa bunge, kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Ukiipata, usianze na maazimio. Kila mtu huanza huko na hupotea huko. Anza na notisi: mkutano uliitishwa na nani, lini, na notisi ilitumwa kwa kila mwanachama wa upande ule au kwa waliopendwa tu? Nenda kwenye orodha ya waliohudhuria na uilinganishe jina kwa jina na tangazo la gazeti rasmi la serikali lililochapisha majina ya waliochaguliwa na waliopendekezwa, pamoja na vyama vyao. Angalia saini. Nimewahi kuona karatasi ya posho ya warsha, yenye saini za watu waliokuja kula chakula cha mchana na kurudishiwa nauli, ikiwa imebanwa pini nyuma ya azimio la kumwondoa kiongozi, na tarehe ya juu imefutwa kwa wino mweupe. Mwisho angalia idadi ya kura: imeandikwa, au imeandikwa tu kwamba "wanachama walikubaliana kwa kauli moja"? Na nani ametia saini kama kiranja? Kama aliyesaini ni kiranja mpya aliyechaguliwa katika mkutano huo huo, hilo peke yake si kosa, lakini ni uzi wa kuuvuta.

Kuna mfano wa mwaka 2020 unaofaa kuusoma kwa pande zote mbili. Mwezi Mei maseneta wa Jubilee, chama kilichotawala wakati huo, walimwondoa Kipchumba Murkomen kuwa kiongozi wa wengi katika mkutano uliofanyika Ikulu. Aliyechukua nafasi alikuwa Samuel Poghisio, seneta wa KANU. Mtu wa KANU anakuwaje kiongozi wa wengi wa Jubilee? Kwa sababu vyama hivyo viwili vilikuwa vimetia saini mkataba wa muungano mwezi huo huo. Bila karatasi hiyo, jina la Poghisio lisingeweza hata kupendekezwa. Murkomen alilalamika, Spika wa Seneti akayaidhinisha mabadiliko, basi. Mwezi uliofuata Aden Duale naye akaondolewa katika Bunge la Kitaifa na Amos Kimunya akachukua nafasi, na hapo hakukuwa na mvutano mkubwa kwa sababu idadi ilikuwa wazi kwa kila mtu. Siasa zilikuwa kali katika visa vyote viwili. Waliojiandaa kwa karatasi ndio waliopita.

Sasa Spika. Anapoletewa barua moja isiyo na upinzani, kazi yake ni ndogo: anaipokea, anaikagua, anaitangaza. Anapojua kuna mgogoro, kazi inabadilika. Anapaswa kuwasikiliza wote wawili na kutoa uamuzi wenye sababu. Aprili 2009, wakati wa serikali ya mseto, Rais Kibaki alimpendekeza Makamu wake, Kalonzo Musyoka, kuongoza shughuli za serikali bungeni, na Waziri Mkuu Raila Odinga akajipendekeza mwenyewe. Spika Kenneth Marende alizisikiliza hoja, akakataa kumchagua yeyote, akawarudisha wakubaliane, na yeye mwenyewe akashika kwa muda uenyekiti wa Kamati ya Shughuli za Bunge ili kazi isisimame. Waliomsifu ni wengi, na mimi ni mmoja wao, ingawa nitasema pia kwamba si kila Spika ana kifua cha kufanya vile, na si kila bunge litamvumilia. Spika wako hakuwapa hata dakika tano. Huo ndio udhaifu mkubwa zaidi wa tangazo lake, mkubwa pengine kuliko ile 26.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili: kwa maelezo uliyonipa, uhalali wa kiongozi huyo unategemea kitu kimoja usichokitaja kabisa, yaani kilichomo kwenye faili la Msajili. Kama chama cha pili hakijajitoa kwa utaratibu, au kimejitoa lakini hakijaungana na wale, yule si kiongozi wa wengi. Kama karatasi zipo, yeye ni halali kwa wingi wa 24, na makosa ya tangazo la Jumanne yanaweza kurekebishwa kwa tangazo jingine Jumanne ijayo. Usiende mahakamani kabla ya kujua hili.

Kuhusu mipango ya wenzako, nitakuwa mkweli. Kumng'oa Spika wa kaunti, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti, kunahitaji notisi iliyosainiwa na angalau theluthi moja ya wanachama wote, kisha azimio la asilimia 75 ya wanachama wote. Kwenu theluthi ni 15, mnayo. Asilimia 75 ya 45 ni 33.75, yaani watu 34. Mtawatoa wapi? Mtaleta hoja, mtashindwa, na Spika atatoka akiwa na nguvu zaidi na kumbukumbu ndefu. Hata ukihisi amewaonea, hiyo si njia ya leo.

Kuwapokonya wale watano viti ni kugumu kuliko inavyosikika. Sheria inakubali kwamba mwanachama anayepigia debe chama kingine anaweza kuhesabiwa amejiuzulu chamani mwake, na hapo kiti kinakuwa wazi. Lakini anayeanzisha hatua hiyo ni chama chake, baada ya kumsikiliza. Wale si wanachama wa chama chako. Chama chao, kwa kinara wao, ndicho kilichowaambia wahame. Utamshtaki mtoto kwa babake aliyemtuma? Labda kama ikibainika kwamba kinara alizungumza peke yake na vyombo vya chama havikubaliani naye. Hapo mlango unafunguka kidogo, lakini ufunguo bado uko mikononi mwao.

Siwa iacheni. Mkiigusa, mtasimamishwa kwa utovu wa nidhamu, pengine na polisi wahusishwe, na idadi yenu bungeni itapungua siku ile ile mnayoihitaji.

Ningefanya nini? Wiki hii ningeandika barua kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kuomba taarifa iliyothibitishwa: chama cha pili kimo katika muungano upi, tangu lini, na kwa hati gani. Siku hiyo hiyo ningepeleka ile barua ya karani ya kuomba kumbukumbu. Kikao kijacho ningesimama kwa hoja ya nidhamu, kwa utulivu, nimwombe Spika atoe uamuzi wa maandishi unaotaja idadi ya kila upande na hati alizozitegemea. Msisitize maandishi. Uamuzi wenye sababu unaweza kupingwa mahakamani. Mtu akisoma barua na kuketi, mnabaki kubishana juu ya nani alisikia nini. Na kiongozi wenu ahame kiti kama alivyoagizwa, huku akisema wazi kwamba anapinga. Amri ya Spika ndani ya ukumbi inatiiwa kwanza.

Na mwende mkazungumze na wale watano. Najua hamtaki. Lakini watu wachache wanaogeuza bunge mara nyingi wana kitu kimoja wanachokitaka, na mara nyingi ni kitu mlichowanyima mlipokuwa na 24: kiti kimoja cha kamati, barabara moja, au kusalimiwa tu kwa heshima. Mkirudiana nao kabla mkataba mpya haujasainiwa, mmemaliza kesi bila kulipa wakili.

Mkilazimika kufika mbali zaidi, mizozo kati ya vyama vya muungano huanzia ndani, kwenye utaratibu wa upatanishi ulioandikwa katika mkataba wenu, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Jopo litauliza kama mlijaribu ndani kwanza, kwa hiyo wekeni ushahidi wa kujaribu. Uamuzi wa Spika wenyewe unapingwa Mahakama Kuu, ambako mnaweza kuomba amri ya muda ya kusimamisha mambo. Msitegemee haraka. Ule uamuzi wa Oktoba 2022 ulibatilishwa Februari 2025, na kwa miaka hiyo miwili na miezi minne kamati zilikuwa zimeundwa, bajeti zilikuwa zimepita, na waliokuwa wengi walikuwa wamefanya kazi kama wengi.

Kuna mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma jibu hili. Kama Msajili atakujibu kwamba kuna mkataba lakini tarehe zake zinatatanisha, kama mkataba wenu wa muungano unaeleza kujitoa kwa lugha isiyoeleweka, au kama tayari umepata barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, kaa ana kwa ana na wakili anayeshughulikia kesi za vyama na mabunge, si yule wa kesi za mashamba. Mpelekee vitu vinne: mkataba wa muungano, nakala ya kanuni za bunge lako, lile tangazo la gazeti rasmi lenye majina, na rekodi rasmi ya kikao cha Jumanne neno kwa neno. Hiyo ya mwisho iombe mapema, maana kabla haijachapishwa wanachama huruhusiwa kusahihisha maneno yao.

Na kuanzia leo, ukipewa karatasi ya mahudhurio, andika tarehe na jina la mkutano kwa mkono wako kando ya saini yako.